Barua ya Wazi kwa Meya na Halmashauri ya Mji Wetu: Baiskeli Tunazo, Tunachokosa ni Mahali

Kwa Mheshimiwa Meya,
Karani wa Mji,
na Waheshimiwa Madiwani wote.

YAH: KITUO CHA BAISKELI CHA JAMII KATIKA GHALA LA ZAMANI LA PAMBA NYUMA YA SOKO

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima inayostahili ofisi zenu. Tunaoandika ni mafundi baiskeli, wachukuzi wa mizigo, kina mama wanaouza sokoni, na wenzetu wenye ulemavu wanaotumia baiskeli za magurudumu matatu za kuzungusha kwa mikono. Tumeleta ofisini kwenu barua tatu, na kila moja tuna nakala yake yenye muhuri wa kupokelewa. Ya kwanza tuliambiwa iko mezani kwa Mhandisi. Ya pili tuliambiwa imepelekwa kwa Afisa wa Mipango Miji. Ya tatu tuliambiwa faili halionekani. Kikao tulichopangiwa kimeahirishwa mara mbili, na mara zote mbili tulipewa habari tukiwa tumeshaketi kwenye benchi la nje. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo Msamia, Mteso, Mgisu na Mganda wanapatania bei katika soko hili.

Ombi letu tunalitaja mapema lisije likapotea katikati ya maneno. Tunaomba ghala la zamani la pamba lililo nyuma ya soko, kwa mkataba wa maandishi wa miaka 10, liwe kituo cha baiskeli cha jamii: karakana, stoo ya vipuri, darasa na maegesho. Hatujaomba baiskeli za bure. Lakini kila tunapoomba mahali, jibu ni kwamba baiskeli zinakuja.

Baiskeli si mgeni huku mashariki mwa Uganda. Ni Busia, mpakani na Kenya, ambako miaka ya 1960 abiria walianza kubebwa kwenye karia ya baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili, na jina la boda boda likatoka hapo. Pikipiki zilikuja baadaye zikachukua abiria na jina lenyewe. Mizigo zimeshindwa kuimaliza: matoke, makaa, madumu ya maji, trei za mayai na magunia ya mahindi bado vinaingia mjini juu ya baiskeli kila alfajiri. Serikali nayo inalijua hilo. Mwaka 2012 Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilitoa sera ya taifa ya usafiri usiotumia injini, ikataka waenda kwa miguu na waendesha baiskeli wahesabiwe barabara zinapopangwa. Kampala imejaribu jambo hilo katika Namirembe Road na Luwum Street. Jinja kuna shirika la FABIO ambalo kazi yake ni baiskeli. Hatuwaletei kitu ambacho nchi hii haijakisikia.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Ghala limefungwa, na ahadi yake haina karatasi

Ghala lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 7. Sakafu yake ya saruji ni nzima. Paa linavuja sehemu mbili tu, zote upande wa mashariki. Ndani kuna viti vilivyovunjika na mabango ya mikutano iliyopita. Tuliruhusiwa kwa mdomo tuanze kulisafisha, na baada ya wiki moja tukakuta kufuli jipya mlangoni. Mpaka leo hakuna aliyetueleza nani aliliweka, wala kwa nini.

Mtauliza kwa nini tunasisitiza miaka 10. Karakana ya baiskeli si kibanda cha kuhamisha jioni. Jiriwa, yaani chuma cha kubania kitu kinachotengenezwa, hufungwa kwenye meza nzito, na miguu ya meza hiyo huzamishwa kwenye zege; bila hivyo, ukiivuta friwili (gia ya nyuma) iliyoshika kutu, meza inatembea na kazi haifanyiki. Chumba cha vipuri kinahitaji nondo na mlango mmoja tu. Waya wa mashine ya kuchomelea unahitaji njia yake kutoka kwenye mita, usichanganywe na wa taa. Hakuna kikundi kitakachotia akiba yake katika mambo hayo kwa ruhusa ya mdomo, na hakuna SACCO itakayokikopesha.

Mgawanyo wa zile mita za mraba 84 tumeshauchora na mchoro umo katika barua yetu ya pili. Karakana ipewe mita za mraba 32, karibu na mlango mkubwa kwa ajili ya mwanga. Stoo ya vipuri 8. Darasa 14. Maegesho ya ndani 24, yaani mita 6 kwa 4: mstari mmoja wa vishikizo 6 unaobeba baiskeli 12, na nyuma yake njia ya mita 2 ya kugeuzia. Zinazobaki 6 ni meza ya mapokezi na njia. Kizingiti cha mlango kina kimo cha sentimita 15. Kwa mwinuko wa 1 kwa 12, ambao mtu wa baiskeli ya mikono anaupanda bila kusukumwa, kinahitaji mteremko wa saruji wa mita 1.8. Kazi hiyo ni ya siku moja kwa mwashi na msaidizi wake.

2. Mafundi wanafukuzwa kando ya barabara bila kuonyeshwa pa kwenda

Barabara ina sheria zake na hatubishani nazo. Fundi aliyetandika gunia kwenye njia ya waenda kwa miguu anazuia watu, na mvua ikinyesha grisi yake inaingia mtaroni. Tunacholalamikia ni kwamba operesheni zinakuja, sanduku la vifaa linachukuliwa, na hakuna kiongozi hata mmoja aliyewahi kusema: hamieni pale. Kesho yake fundi anarudi palepale akiwa na plaisi, nyundo na tindo, kwa sababu sanduku liko kwenu. Tunaomba mwone kwa karibu nini hutokea anapofanya kazi na vitu hivyo vitatu.

Chukueni pini ya krenki, ile inayoshikilia krenki, yaani mkono wa pedeli, kwenye ekseli ya katikati ya baiskeli yetu ya kawaida ya gurudumu la 28. Kuitoa ni kazi ndogo ukiwa na kibanio chake. Asiye nacho anaipiga nyundo. Krenki ikiwa inaning'inia hewani, pigo lote linashuka kwenye ekseli, linapita kwenye gololi na kuchimba vishimo ndani ya vikombe vinavyoshika gololi hizo. Pale katikati kuna gololi za robo inchi, 11 kila upande, na kila moja inaacha alama yake. Mteja anaondoka ameridhika. Wiki mbili baadaye baiskeli inalia kwa kila mzunguko, naye anadhani ameuziwa gololi mbovu. Bila kibanio, njia iliyo salama zaidi ni kusimamisha kipande cha bomba la chuma kutoka sakafuni hadi chini ya krenki, kando ya pini, kisha kulegeza nati hadi ilingane na ncha ya pini ili ilinde nyuzi, na kupiga pigo moja zito badala ya kugongagonga. Wakati wa kurudisha, pini mbili hutazamana kinyume. Zikielekezwa upande mmoja, pedeli hazinyooki na goti la mchukuzi linaumia. Nati haitumiki kuivuta pini ndani, maana nyuzi zake huisha papo hapo. Na baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, nati inakazwa tena. Kufanya yote hayo juu ya gunia, miguu ya wapita njia ikikupita puani, haiwezekani hata kwa fundi hodari.

Pedeli ya kushoto ni hasara nyingine. Nyuzi zake ni za kinyume: inakazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Kijana anayejifunza kwa kubahatisha anailazimisha kama ya kulia, inaingia pindi mbili tatu, halafu nyuzi za krenki zinakatika. Karakana yenye vyuma viwili vya kukatia nyuzi za inchi 9/16, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto, inaweza kuiokoa krenki ikiwa nyuzi hazijaisha kabisa. Asiye navyo ananunua krenki nzima.

Halafu kuna spoku. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya mizigo lina spoku 40, na zinazokatika ni zile za upande wa friwili, kwenye kona pale zinapoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Chanzo chake mara nyingi ni kulegea. Spoku iliyolegea inajikunja na kujinyoosha kidogo kwa kila mzunguko hadi inachoka, na mzigo wa matoke unaharakisha tu. Ili kuingiza mpya upande huo lazima friwili itoke. Kwa kifungulio chake, kilichobanwa kwenye jiriwa, ni kazi ya dakika chache. Kwa tindo, mwanya wa friwili unavunjika na friwili imekwisha. Ndiyo maana mafundi wengi wa barabarani huiacha spoku iliyokatika jinsi ilivyo na kunyoosha rimu kwa kukaza jirani zake. Baada ya mwezi zimekatika nne. Kazi iliyo sahihi ni kubadilisha ile moja, kisha kuzikaza zote kwa robo mzunguko, gurudumu likiwa kwenye stendi, hadi zikiguswa kwa kidole zitoe sauti inayokaribiana upande mzima.

Meza moja ya kufanyia kazi hizi inahitaji jiriwa ya inchi 5, stendi ya kuinulia baiskeli, stendi ya kunyooshea magurudumu, spana za 8 hadi 17, spana nyembamba za 13, 14, 15 na 16 za koni (nati zinazobana gololi za habu), kikata cheni, ufunguo wa spoku, vifungulio vya friwili vya aina tatu, kibanio cha pini, pampu ya kusimama yenye geji, na rula. Rula ni ya cheni: viungo 24 vya cheni mpya vinapimwa inchi 12 kamili. Vikifika inchi 12 na moja ya nane, cheni imeshakula meno ya gia, na kubadilisha cheni peke yake hakusaidii tena. Tunaomba meza mbili kama hiyo. Vifaa tutachangishana wenyewe, mradi kuwe na mlango wa kuvifungia.

3. Baiskeli zilizokamatwa zinaozea uani kwenu

Nyuma ya ofisi za Halmashauri kuna baiskeli zilizorundikwa, nyingi zimelala juu ya nyingine, zinapigwa na mvua na jua. Baiskeli iliyoachwa hivyo msimu mmoja wa mvua haifi yote kwa pamoja. Tyubu huisha upepo kwanza, uzito unakaa kwenye ukuta wa tairi na tairi inapasuka kwa kukunjika. Cheni hushika kutu ikawa kama fimbo. Maji huingia kwenye habu, grisi inageuka uji, na koni zinaliwa. Fremu ya chuma hubaki nzima muda mrefu zaidi ya vyote, kwa hiyo nyingi ya zile bado zinaokoleka leo. Mwakani hatuna hakika.

Kila fremu ina namba, kwa kawaida imegongwa chini ya kikombe cha krenki au kwenye bomba la siti. Ukiisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa inasomeka. Tunajitolea siku mbili za kuandika namba zote kwenye daftari mbele ya ofisa wenu. Orodha ibandikwe sokoni na kwenye ofisi za LC1, yaani mabaraza ya kijiji. Mwenye mali alipe faini inayoeleweka achukue chake. Zitakazobaki bila mwenyewe ziondolewe kwa utaratibu wa sheria wa kuondoa mali, na kituo kishindane kwa haki kuzipata.

4. Kontena la baiskeli za mitumba si jibu

Tumesikia kwamba Halmashauri inazungumza na wafadhili walete kontena, na baiskeli zigawanywe kwa sherehe. Nia hiyo tunaiheshimu. Lakini tunaijua kazi, na tunawaambia mapema kitakachotokea.

Kontena la futi 40 hubeba baiskeli zaidi ya 400. Zitakuwa za kila aina, na hapo ndipo shida inapoanzia. Tairi iliyoandikwa 26 si lazima iingie kwenye rimu ya 26. Ile pana ya baiskeli za milimani inakaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 559. Ile nyembamba iliyoandikwa 26 x 1 3/8 inakaa kwenye rimu ya 590. Tofauti ni milimita 31, na hakuna nguvu za mikono wala sabuni itakayoziba pengo hilo. Hata 28 ziko mbili: ya kwetu ya siku zote ni 635, na ya baiskeli nyingi za Ulaya ni 622. Namba hizo zimeandikwa pembeni mwa kila tairi, kwa mfano 40-635, lakini muuzaji anatazama 28 tu. Ongezeni vali za aina tatu, cheni nyembamba za gia ambazo haziingiliani na cheni nene za gia moja, na breki za waya ambazo raba zake haziko kwenye duka lolote la mji huu. Baiskeli zitatembea hadi tairi za kwanza ziishe. Baada ya hapo zitauzwa kwa kilo.

Wenzetu wa shirika la baiskeli la BEN Namibia, walioanza mwaka 2005, waliliona hili mapema: kontena lililoleta baiskeli lilibaki mahali pake likawa karakana, na wenyeji walifundishwa ufundi na kuendesha duka. Kama wafadhili wapo kweli, waombeni mambo matatu. Kwanza, baiskeli zichaguliwe kabla ya kupakiwa: rimu za saizi mbili tu, fremu za chuma, gia chache. Pili, kwa kila baiskeli 10 zije tairi 10, tyubu 20, cheni 5 na jozi 20 za raba za breki. Tatu, zifikie kituoni, zikaguliwe na kuuzwa kwa bei nafuu, na nusu ya mapato irudi kwenye vipuri. Kitu cha bure hakina wa kukifanyia matengenezo. Na fundi hawezi kushindana na bure. Kontena moja lililogawiwa ovyo linaweza kumfungisha duka muuza vipuri aliyekuwa akihudumia mji mzima.

5. Vile vyuma vya kuegeshea mbele ya soko vinaharibu magurudumu

Hili ni fupi. Vyuma vinavyoshika gurudumu la mbele tu vinaifanya baiskeli yenye mzigo iangukie pembeni ikiwa imebanwa kwenye rimu, na rimu inapinda. Badala yake tumieni bomba la chuma la milimita 50 lililokunjwa umbo la U iliyopinduliwa, kimo sentimita 75, urefu kati ya sentimita 70 na mita moja, miguu yake ikizamishwa sentimita 30 kwenye zege, na nafasi ya mita moja kati ya bomba na bomba. Fremu inaegemea bomba na inafungwa hapo kwa mnyororo. Nafasi moja ya gari ya mita 5 kwa 2.5 inatosha mabomba 5, yaani baiskeli 10, na wateja 10 badala ya mmoja.

Waheshimiwa, baadhi ya majibu tumeshayasikia na mengine tunayatarajia. Tuyajibu hapahapa ili kikao kitakapofika tusipoteze muda.

Mtasema fedha hazipo. Kwa upande wa Halmashauri tunaomba mabati ya sehemu mbili zinazovuja, ule mteremko wa saruji, na mita ya umeme ya Yaka, ile ya kulipia kabla. Basi. Umeme wenyewe tutanunua sisi.

Mtasema twende kwenye fedha za Parish Development Model. Mpango huo ulipozinduliwa mwaka 2022 uliwekewa kusudi lake: milioni 100 kwa parishi kwa mwaka, zikopeshwe kaya zilizo nje ya uchumi wa fedha kwa shughuli za uzalishaji. Fundi mmoja mmoja mwenye kaya inayostahili ataomba. Jengo la umma halijengwi kwa mkopo wa kaya.

Mtasema karakana italeta uchafu. Kando ya barabara ndiko uchafu uliko sasa. Kituoni oili chafu itawekwa kwenye pipa lenye kifuniko, vyombo vya kuoshea vipuri vitasimama kwenye trei ya saruji yenye ukingo wa sentimita 10 isiyotoa maji nje, na tyubu zilizokwisha zitakatwa kamba za kufungia mizigo, ambazo wachukuzi wananunua hata leo.

Mtasema vikundi huvunjika. Hilo ni kweli, na tunajua vinavunjikia wapi. Vifaa huazimwa vikalala nyumbani kwa mtu. Mwenyekiti anageuza duka kuwa lake. Matengenezo ya ndugu na marafiki yanakuwa bure hadi stoo inakauka. Kwa hiyo tumeandika kanuni kabla ya kuomba ufunguo. Vifaa vinaning'inizwa kwenye ubao uliopakwa rangi umbo la kila kimoja, pengo linaonekana kwa mbali, na mlango haufungwi jioni kabla ya ubao kujaa. Kamati ni ya watu 7: mafundi 3, mchukuzi 1, mama mmoja wa sokoni, mwakilishi mmoja wa wenye ulemavu, na mmoja wa Halmashauri. Fedha zinatoka kwa saini mbili, na aliyetia saini haruhusiwi kuwa ndiye anayekwenda kununua. Kipuri kinauzwa bei ya kununulia na asilimia 20 juu, kwa kila mtu, akiwemo mwenyekiti na akiwemo diwani. Fundi analipa ada ya meza ya shilingi 2,000 kwa siku na kazi yake ni malipo yake. Asiye na fedha ya fundi anaruhusiwa kujitengenezea mwenyewe Alhamisi mchana, kwa shilingi 500 na fundi wa zamu akimwangalia. Kadi ya stoo inatuambia lini kuagiza: tyubu za 28 zikibaki 15 tunaagiza 30, tusisubiri ziishe, kwa kuwa mzigo kutoka Kampala huchelewa.

Darasa litachukua vijana 8 kwa awamu ya wiki 6, na angalau 3 wawe wasichana. Wataanza na pancha, kwa kuwa pancha ndiyo inayomrudisha mteja na lawama. Msasa kwanza, hadi raba ipoteze mng'ao wake. Solusheni nyembamba, pana kupita kiraka. Kisha mikono mbali kwa dakika tano, hadi ikauke. Kiraka kinachobandikwa kwenye solusheni mbichi kinateleza jua la saa saba likiwaka. Na kabla ya kurudisha tyubu, vidole vinapita polepole ndani ya tairi yote, kwa sababu mwiba uliotoboa mara nyingi bado umo. Mtoto wa miaka 15 anaweza kuyafanya hayo vizuri kuliko fundi mwenye haraka, akifundishwa mara moja mahali penye meza na mwanga.

Kuhusu wenzetu wa baiskeli za mikono, tunataka mwelewe jambo moja. Baiskeli ile ina cheni, friwili, gololi na spoku kama nyingine, lakini ikiharibika katikati ya barabara mwenyewe hawezi kushuka akaisukuma. Wengi wao ndio wanaobeba bidhaa na kulisha familia zao. Fundi wa kando ya barabara hawezi kuipindua juu chini, na kuichomelea kunahitaji umeme. Mteremko wa mita 1.8 na mlango mpana ndivyo vinavyoamua kama wataingia kituoni au watabaki nje wakingoja kuhurumiwa.

Tunayoomba, kwa mpangilio:

1. Faili letu litafutwe, na tupewe jibu la maandishi kwa barua zetu tatu. Tunaleta pia ombi rasmi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005, inayowapa siku 21 za kujibu, tukiuliza ghala hilo limepangiwa matumizi gani na kwa azimio la kikao kipi.

2. Mhandisi wa Mji alikague ghala pamoja na wawakilishi wetu watatu ndani ya siku 14, na taarifa yake isomwe hadharani.

3. Baraza lipitishe azimio la mkataba wa miaka 10, kodi iwe ndogo na iandikwe, na kiwepo kifungu kinachoruhusu Halmashauri kulichukua ghala tena kituo kikifungwa miezi 3 mfululizo bila sababu. Kifungu hicho tumekipendekeza wenyewe.

4. Mabati, mteremko na mita ya umeme viingizwe kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1.

5. Mpaka ufunguo utolewe, mafundi waonyeshwe eneo moja la muda lenye kivuli, na vifaa vyao vilivyochukuliwa virudishwe kwa orodha na saini.

6. Mazungumzo na wafadhili wa kontena yasimame hadi kituo kiwe na mlango, stoo na fundi wa zamu, na fundi awepo mezani saizi zinapochaguliwa.

Kwa ukaguzi wa ghala tunapendekeza Jumanne asubuhi, ambayo si siku ya gulio, ili Mhandisi apime bila msongamano. Ngazi, futi na tochi tutaleta sisi. Tunachoomba mje nacho ni ufunguo wa lile kufuli jipya.

Kwa heshima,

Mafundi, wachukuzi, wafanyabiashara wa sokoni na waendeshaji wa baiskeli za mikono wa mji huu

Nakala: Afisa wa Maendeleo ya Jamii, wenyeviti wote wa LC1, ubao wa matangazo wa soko